Otto Schott: Mtoto wa fundi kioo aliyebadili biashara ya lenzi

KUNA kioo ambacho ukikiweka mbele ya macho huoni kitu upande wa pili. Ni cheusi na kinang'aa kama makaa ya mawe. Hata hivyo, kioo hicho hutengenezewa lenzi za baadhi ya kamera zinazoona joto, zile ambazo mafundi umeme huzitumia kutafuta waya unaochemka kabla haujaunguza nyumba, na madaktari wa mifugo huzitumia kuchunguza kiwele au kwato yenye uvimbe.

Kwa jicho la binadamu kioo hicho ni giza tupu. Lakini miale ya joto, ambayo wataalamu huiita infraredi, hupita ndani yake kama mwanga wa jua unavyopita dirishani.

Miongoni mwa kampuni zinazotengeneza kioo cha aina hiyo ni SCHOTT ya Ujerumani. Jina hilo ni la mtu. Otto Schott alikuwa mkemia aliyefariki dunia mwaka 1935 bila kuwahi kukiona kioo hicho cheusi. Alichokiacha ni utaratibu wa kazi ambao waliomfuata waliutumia kukipata: kujaribu kwa kiasi kidogo, kupima, kuandika, na kutouza kitu ambacho hujui tabia yake.

Kwa mkulima anayejaribu mbegu mpya, au mfanyabiashara anayetaka kuingiza bidhaa mpya sokoni, maisha ya mtu huyu yana mengi ya kufundisha.

Mtoto wa kiwandani

Otto Schott alizaliwa Desemba 17, 1851 katika mji wa Witten, eneo la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Simon Schott, alikuwa fundi wa vioo vya madirisha na mmoja wa wabia wa kiwanda cha vioo hapo mjini.

Kwa hiyo kijana huyo alikua akiona mchanga, magadi na chokaa vikiingia kwenye tanuri na kutoka vikiwa kioo. Aliona pia hasara. Siku moja kioo kilitoka safi, siku nyingine kilitoka na mapovu, mistari na mawingu, na hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika kwa nini.

Mafundi wa zama hizo walifanya kazi kwa mazoea. Kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake aliourithi kwa wazee wake, na aliuficha kama mganga anavyoficha dawa. Tatizo la siri ya namna hiyo ni kwamba mara nyingi hata mwenyewe haijui sababu yake. Mchanganyiko ukikataa, hana pa kuanzia kurekebisha.

Schott alikwenda kusoma kemia katika miji ya Aachen, Würzburg na Leipzig. Mwaka 1875 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Jena kwa kazi iliyochunguza kasoro zinazojitokeza katika utengenezaji wa vioo vya madirisha. Maana yake ni kwamba alichukua matatizo ya kiwanda cha baba yake na kuyapeleka chuoni.

Kilio cha Profesa Abbe

Wakati huo huo, mjini Jena, kulikuwa na biashara nyingine iliyokwama. Carl Zeiss alikuwa na karakana ya kutengeneza hadubini, na mshirika wake, Profesa Ernst Abbe, alikuwa mtaalamu wa hesabu na fizikia. Abbe alikuwa ameweza kukokotoa kwenye karatasi jinsi lenzi bora inavyopaswa kuwa. Kilichokosekana ni kioo cha kuitengeneza.

Lenzi moja peke yake haikusanyi rangi zote za mwanga mahali pamoja. Nyekundu huangukia hapa, bluu pale, na picha huzungukwa na ukingo wa rangi. Dawa yake ni kuunganisha vioo viwili vya aina tofauti ili kimoja kirekebishe makosa ya kingine.

Lakini kabla ya miaka ya 1880 sokoni kulikuwa na makundi mawili tu makubwa ya kioo cha lenzi: kile chepesi cha chokaa na kile kizito chenye risasi. Kwa makundi hayo mawili kosa lilipungua, lakini halikwisha. Abbe alisema hadharani na kwa maandishi kwamba hadubini haitasonga mbele mpaka watengenezaji wa kioo watoe aina mpya.

Wenye viwanda hawakuitikia. Kioo cha lenzi kilihitajika kwa kiasi kidogo, na kukitengeneza kulikuwa na gharama kubwa. Ni wachache ambao wangeweka fedha zao katika majaribio yasiyo na uhakika kwa ajili ya soko dogo.

Barua ya Mei 27

Mei 27, 1879 Schott, akiwa na umri wa miaka 27 na bila kufahamiana na Abbe, alimwandikia barua. Alimweleza kwamba ametengeneza kioo chenye madini ya lithiamu, na akamwomba akipime aone kinavyoupinda mwanga.

Barua hiyo ndiyo iliyobadili maisha ya wote wawili. Schott alikuwa na tanuri dogo na ujuzi wa kemia, lakini hakuwa na vifaa vya kupima mwanga. Abbe alikuwa na vipimo, lakini hakuwa na tanuri. Kila mmoja alikosa alichokuwa nacho mwenzake.

Abbe alikubali, na matokeo hayakuwa mazuri. Kioo cha lithiamu hakikuwa na sifa zilizotarajiwa kwa kazi ya lenzi. Mtu mwingine angekata tamaa, au angetafuta mnunuzi asiyejua kupima akamuuzia.

Schott alirudi kwenye tanuri. Kwake kipimo kibaya kilikuwa ni taarifa, kwamba njia hiyo imefungwa na ijaribiwe nyingine.

Chungu kidogo na daftari

Akiwa nyumbani kwa wazazi wake huko Witten, Schott aliyeyusha mchanganyiko kwa kiasi kidogo sana, ambacho mwanzoni hakikufika hata gramu 100 kwa mara moja. Kila safari alibadilisha kitu kimoja, akaandika uzito wake, akatuma sampuli Jena kwa posta na kusubiri jibu.

Faida ya chungu kidogo inaeleweka kwa mtu yeyote mwenye mtaji mdogo. Jaribio likiharibika, kinachopotea ni konzi ya mchanga na kuni za siku moja. Anayejaribu mbegu asiyoijua kwenye ekari nzima hujifunza jambo lile lile kwa gharama ya msimu mzima.

Aliongeza vitu ambavyo watengenezaji wa kioo walikuwa hawavitumii, au walivitumia kwa nadra bila mpango. Viwili vilimpa matumaini makubwa, navyo ni boroni na fosfati. Mkulima wa leo anavifahamu kutoka kwenye mifuko ya mbolea. Kwenye kioo, vilibadilisha namna rangi zinavyotawanyika, jambo ambalo Abbe alikuwa akilitafuta kwa miaka mingi.

Walishirikiana hivyo kwa barua na vifurushi kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kuonana uso kwa uso mjini Jena, Januari 1881. Mwaka uliofuata Schott alihamia huko.

Tanuri la Jena

Gramu chache zinatosha kupima, lakini hazitoshi kuuza. Mwaka 1884 Schott, Abbe, Carl Zeiss na mwanawe Roderich Zeiss walianzisha kampuni yao mjini Jena, iliyoitwa maabara ya kioo ya Schott na Wenzake. Serikali ya Prussia iliwasaidia kwa ruzuku, kwa kuwa ilitambua kuwa nchi ilitegemea kioo cha lenzi kutoka Uingereza na Ufaransa.

Hapo ndipo shida ya ukubwa ilipoanza. Chungu kikubwa hakitii kama kidogo. Kioo kisipokorogwa vya kutosha, hubaki na mistari kama ya sukari inayoyeyuka kwenye chai. Udongo wa chungu wenyewe huyeyuka kidogo na kuchafua kioo. Kioo kikipoa haraka, hujikaza ndani kwa ndani, na lenzi itakayochongwa humo itapotosha picha au itapasuka.

Schott na wafanyakazi wake walilazimika kupoza kioo polepole kwa siku nyingi, na vile vikubwa kwa majuma kadhaa, huku joto likisimamiwa usiku na mchana. Baada ya taabu yote hiyo, sehemu ndogo tu ya kilichotoka kwenye chungu ilifaa kwa lenzi. Iliyobaki ilitupwa au kuyeyushwa upya. Ndiyo maana kioo cha lenzi kilikuwa ghali, na ni ghali hadi leo.

Orodha iliyosema ukweli

Mwaka 1886 kampuni ilitoa orodha yake ya kwanza ya bidhaa. Ilikuwa na aina 44 za kioo cha lenzi, na 19 kati yake zilikuwa za mchanganyiko mpya.

Jambo kubwa zaidi ni kilichoandikwa mbele ya kila aina. Orodha ilionyesha kwa tarakimu jinsi kioo hicho kinavyoupinda mwanga na kinavyotawanya rangi. Mtengenezaji wa lenzi aliyekuwa mbali aliweza kukaa mezani, akakokotoa lenzi yake, kisha akaagiza kwa namba. Hakuhitaji kubahatisha wala kutegemea neno la mchuuzi.

Mwaka huo huo Zeiss ilitoa lenzi mpya za hadubini zilizoondoa karibu kosa lote la rangi. Daktari Robert Koch, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alikuwa mteja wa Zeiss wa miaka mingi. Ni yeye aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza damu ya ng'ombe wagonjwa. Aliona vimelea vidogo vya ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanauita ndigana kali, ingawa wakati huo alidhani ni vya ugonjwa mwingine.

Mafanikio hayo hayakukosa doa. Baada ya muda ilibainika kuwa baadhi ya vioo vipya, hasa vile vya fosfati, havikustahimili hewa yenye unyevu. Uso wake uliingia ukungu. Lenzi iliyokuwa safi siku ya kuuzwa iligeuka hasara kwa mnunuzi.

Kampuni iliviondoa vioo hivyo kwenye orodha zake. Kwa Schott ilikuwa kuacha matunda ya miaka ya jasho lake. Lakini jina la kampuni lilikuwa limejengwa juu ya uaminifu wa orodha ile, na asingeweza kulinda bidhaa mbaya bila kuharibu nzuri zote.

Kipimajoto kilichodanganya

Wakati huo biashara ya vipimajoto nchini Ujerumani ilikuwa na aibu yake. Kipimajoto kikiingizwa kwenye maji yanayochemka, kisha kikarudishwa kwenye barafu, hakikurudi kwenye sifuri yake. Kilisoma chini, wakati mwingine kwa nusu nyuzi au zaidi, kwa sababu kioo kilichotanuka kwa joto hakikurejea upesi katika umbo lake.

Nusu nyuzi inaweza kuonekana ndogo. Lakini maziwa yanayochemshwa kwa njia ya pasteurisheni hushikiliwa kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30, na mtu anayetegemea kipimajoto kinachodanganya hajui kama vijidudu vimekufa.

Uchunguzi ulionyesha kuwa kosa lilikuwa kubwa pale kioo kilipokuwa na soda na potashi kwa pamoja. Kikiwa na kimoja tu, kosa lilipungua sana. Schott alitengeneza kioo maalumu kilichopewa namba 16 III, ambacho kosa lake lilishuka hadi kama nyuzi 0.05. Mirija yake iliwekewa mstari mwembamba wa rangi ya zambarau ili mnunuzi aitambue na asiuziwe ya bandia.

Kutokana na utafiti wa boroni kikaja kioo kisichopasuka ovyo kwa joto. Kilitumika kwa vyombo vya maabara, na tangu miaka ya 1890 kwa vioo vya taa za gesi, ambazo utambi wake ulifanya kazi kama wa karabai. Kioo cha kawaida kilipasuka tone la mvua lilipokidondokea kikiwa cha moto. Kile cha Jena kilistahimili. Bidhaa hiyo ya watu wa kawaida ndiyo iliyoleta fedha nyingi, kuliko lenzi za wasomi.

Mali ilikwenda wapi

Carl Zeiss alifariki mwaka 1888. Mwaka uliofuata Abbe alianzisha mfuko wa wakfu uliopewa jina la Zeiss, na baadaye akauachia hisa zake. Kanuni zake za mwaka 1896 ziliwapa wafanyakazi haki ambazo zilikuwa ngeni wakati huo, zikiwemo likizo ya malipo, pensheni na mgawo wa faida. Kuanzia mwaka 1900 kiwanda cha Zeiss kilifanya kazi saa nane kwa siku.

Abbe alifariki mwaka 1905. Schott naye aliachia hisa zake kwa wakfu huo mwaka 1919, wakati Ujerumani ilikuwa imetoka kushindwa vitani. Kiwanda alichokianzisha kikawa hakina tajiri mmoja. Alistaafu katika miaka ya 1920 na mwanawe, Erich, akashika uongozi. Otto Schott alifariki mjini Jena Agosti 27, 1935 akiwa na umri wa miaka 83.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliwachukua wataalamu 41 wa kiwanda hicho na kuwapeleka upande wa magharibi kabla Jena haijawekwa chini ya Warusi. Kiwanda cha Jena kilitaifishwa mwaka 1948. Wale waliohamishwa, wakiongozwa na Erich Schott, walianza upya na mwaka 1952 wakafungua kiwanda katika mji wa Mainz. Majengo na matanuri yalibaki nyuma, lakini ujuzi ulikwenda na watu.

Kioo kisicho na mchanga

Miale ya joto iligunduliwa mwaka 1800 na mnajimu William Herschel huko Uingereza. Aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Zebaki ikapanda.

Mwanzo wa miale hiyo, ulio karibu na rangi nyekundu, hupita kwenye kioo cha kawaida. Sehemu hiyo ndiyo hutumika leo kwenye mashine zinazopima unyevu na protini ya nafaka bila kuisaga kwa kemikali. Lakini miale inayotoka kwenye mwili wa binadamu, ng'ombe au mota iliyopata moto ina mawimbi marefu zaidi, na kioo cha mchanga huizuia kabisa.

Sababu yake iko ndani ya mchanga wenyewe. Umeundwa kwa silikoni na oksijeni, vitu vyepesi vilivyoshikana kwa nguvu, na mtikisiko wake humeza miale hiyo. Hata kioo kisafishwe vipi, kikiwa na oksijeni tatizo hubaki.

Ilibidi basi mchanga uachwe. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Marekani na Urusi ya Kisovieti walifanyia kazi vioo vilivyotengenezwa kwa aseniki na salfa, ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Baadaye zikatumika pia seleniamu na jerimaniamu. Chembe zake ni nzito na mshikamano wake ni dhaifu, hivyo hutikisika polepole na kuiacha miale ya joto ipite.

Kazi yake ni ya hatari na ya gharama. Aseniki ni sumu. Mchanganyiko huyeyushwa ndani ya mrija uliozibwa na kuondolewa hewa, kwani oksijeni kidogo tu ikiingia kioo huharibika. Kwa upande mwingine, kioo hiki huweza kukandamizwa kwenye kalibu kikiwa laini na kutoka lenzi kamili, wakati lenzi za jerimaniamu tupu lazima zichongwe moja moja.

SCHOTT huuza vioo hivyo kwa orodha. Kila kimoja kina namba, na mbele yake kuna tarakimu za namna kinavyoipinda miale, kinavyotanuka kwa joto na mahali kinapoanza kuizuia. Anayebuni kamera ya joto hukaa mezani na kukokotoa kabla ya kununua hata gramu moja.

Ni orodha ya mwaka 1886 katika sura mpya. Mchanga umeondoka, mwanga umebadilika, wenye kampuni wote wa kwanza wamekufa. Kilichobaki ni chungu kidogo, mizani na daftari, vitu ambavyo mtu mwenye shamba la ekari mbili au duka la rejareja anaweza kuanza navyo kesho asubuhi.